Troponini au NT-proBNP? Kuchagua kipimo cha moyo kwa mgonjwa aliyelazwa

Karatasi ya labo ilikuwa na mistari miwili: troponini, na chini yake NT-proBNP. Kijana aliyekuwa akimlinda baba yake aliikunja mara mbili, akaikunjua, kisha akanifuata hadi mlangoni mwa wodi na kuniuliza kwa sauti ya chini, mzee asisikie: "Dokta, tuko na feza ya kipimo kimoja tu. Tulipe gani?"

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, swali hilo sikosi kuulizwa. Familia imekwisha kulipa fishi, kitanda na seromu, na sasa inatakiwa ilipie namba ambazo hakuna aliyewaeleza maana yake. Ninaandika kwa ajili ya kijana yule na wenzake. Ninaandika pia kwa ajili ya muuguzi na daktari kijana anayebaki usiku peke yake na mgonjwa anayehema, akiwa na mashine moja ya labo na uamuzi wa kufanya. Anayeamua ni yule aliyemwona mgonjwa na kumgusa. Lakini ukijua kila kipimo kinajibu swali gani, utaweza kuzungumza naye vizuri.

Tutavilinganisha kwa mambo gani

Nimechagua mambo matano, na kila kipimo kitapitishwa humo humo. Kinajibu swali gani? Kinasema nini kuhusu hatari ya mgonjwa kufia hospitalini? Kipimwe saa ngapi? Nini hukifanya kidanganye? Na la mwisho, ambalo vitabu hulipita upesi ingawa kwetu ndilo zito: kinawezekana hapa, kwa umeme huu, labo hizi na mfuko huu?

Swali ambalo kila kimoja kinajibu

Troponini ni protini iliyo ndani ya msuli na inausaidia kujikaza. Setsuro Ebashi wa Japani ndiye aliyeigundua katika miaka ya 1960, na mwaka 1989 Hugo Katus na wenzake Ujerumani wakatoa kipimo cha damu cha troponini T. Aina mbili, I na T, zina umbo lake maalumu katika moyo, ndiyo maana zinatafutwa. Chembe ya msuli wa moyo ikiumia, troponini huvuja na kuingia kwenye damu. Kwa hiyo swali linalojibiwa ni hili: je, msuli wa moyo umeumia siku hizi? Kwa nini umeumia, hilo halijibiwi. Huenda mshipa wa moyo umeziba, huenda ni maambukizi makali, huenda ni donge la damu kwenye mapafu, huenda ni upungufu mkubwa wa damu. Maelezo ya kimataifa ya mwaka 2018 yanasema wazi kwamba ili kusema ni shambulio la moyo, troponini iwe imepanda au kushuka kati ya vipimo viwili, angalau kimoja kiwe juu ya kikomo, na pawe na dalili nyingine kwamba moyo ulikosa damu: maumivu, mabadiliko kwenye ECG (mchoro wa umeme wa moyo) au picha ya moyo.

NT-proBNP ina historia nyingine. Mwaka 1988 watafiti wa Japani waliipata homoni katika ubongo wa nguruwe, wakaipa jina la ubongo (kwa Kiingereza "brain"), na jina hilo likabaki katika herufi ya kwanza ya BNP. Baadaye ikaonekana kwamba kwa binadamu inatoka hasa katika vyumba vya chini vya moyo, pale kuta zake zinapovutwa na damu nyingi au shinikizo kubwa. Moyo hutoa kipande kimoja kirefu, kikakatwa vipande viwili: BNP inayofanya kazi, ikiuambia mwili utoe chumvi na maji, na NT-proBNP isiyo na kazi lakini inayodumu zaidi katika damu. Swali lake ni hili: je, moyo umeelemewa?

Tofauti hiyo ina uzito wake hapa kwetu. Mji huu ni milima. Mama anayebeba mzigo kutoka soko la Kadutu anajua mwili wake kuliko mashine yoyote: mwaka jana alipanda bila kusimama, mwaka huu anasimama mara tatu, na usiku analala ameegemea mito miwili. Huyo ana moyo unaoelemewa, na kwa kawaida chanzo ni tansio ya miaka mingi au moyo uliopanuka baada ya kuzaa, wala si mshipa ulioziba. Utafiti wa THESUS-HF, uliotolewa mwaka 2012, ulifuata wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kazi katika nchi 9 za Afrika. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Tansio ilikuwa chanzo kwa asilimia 45 hivi, na mishipa ya moyo kuziba haikufika asilimia 8. Kongo haikuwa kati ya nchi hizo 9, lakini wagonjwa walioelezwa humo nawaona wodini kwangu kila siku.

Hatari ya kufia hospitalini

Hapa vipimo vyote viwili vina nguvu, na hapa pia ndipo vinapoumiza familia vikielezwa vibaya.

Rejesta kubwa kuliko zote ninazozijua kwa jambo hili ni ADHERE ya Marekani, ya watu waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi. Katika uchambuzi wa mwaka 2008, wagonjwa 67,924 waliopimwa troponini walipoingia walilinganishwa. Ambao troponini yao ilikuwa juu walifariki hospitalini kwa asilimia 8.0; ambao haikuwa juu, asilimia 2.7. Angalia kwamba hawa hawakulazwa kwa shambulio la moyo. Walikuja wakihema na kuvimba, na bado troponini ilionyesha nani yuko karibu na hatari. Wuhan mwaka 2020, kati ya wagonjwa 416 wa korona waliolazwa, 82 walikuwa na moyo ulioumia kwa kipimo cha troponini, na 42 kati yao walifariki. Kwa wale 334 waliobaki walifariki 15. Hata ugonjwa ukianzia mapafuni, moyo unaoumia ni alama mbaya.

BNP nayo ilichambuliwa katika rejesta hiyo hiyo ya ADHERE. Waligawa wagonjwa mafungu manne kutoka BNP ndogo hadi kubwa, na vifo hospitalini vikapanda ngazi kwa ngazi: asilimia 1.9, 2.8, 3.8, hadi 6.0 kwa fungu la juu. Kwa NT-proBNP, utafiti wa ICON wa mwaka 2006, wenye wagonjwa 1,256, ulionyesha kwamba waliofika na zaidi ya 5,180 pg/mL walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya siku 76. Na NT-proBNP ina faida ambayo troponini haina kwa kiwango hicho: inafuata matibabu. Ikishuka kwa asilimia 30 au zaidi kati ya kuingia na kutoka, mgonjwa ana matumaini bora. Isiposhuka kabisa, kumruhusu kurudi nyumbani ni kumrudisha kwenye shida aliyotoka nayo.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Baba yake, mzee wa miaka 68 kutoka Bagira, alikuwa ametibiwa mapafu mara mbili mahali pengine, na kikohozi hakikuisha. Maumivu ya kifua hakuwa nayo. Tulishindwa kukubaliana kama ni mapafu au moyo, basi walilipa NT-proBNP. Ilirudi 6,400. Kijana aliisoma, akaona neno "juu" limeandikwa kwa kalamu nyekundu, akanitazama. "Dokta, hii ni kusema baba atakufa?"

Nilikaa naye kwenye benchi. Nilimwambia hivi: katika fungu lile la juu kabisa la Marekani, kati ya watu 100 waliolazwa, 94 walitoka hospitalini wakiwa hai. Hata wale wa troponini ya juu, 92 walitoka. Sisi hatuko Marekani, hatuna kila walichonacho wao, na sitamdanganya mtu kwamba namba zao ni zetu. Lakini namba ya juu inatuita tumkaribie mgonjwa: apimwe tansio kila baada ya saa chache, mkojo upimwe kwa lita, dawa zisikose hata dozi moja, kitanda chake kiwe karibu na meza ya wauguzi. Nimeona familia zikimfunga mgonjwa katika kikwembe na kumrudisha nyumbani kwa sababu mtu alisema "moyo umeharibika" akaondoka. Hilo linaniuma kuliko mashine kuharibika. Muuguzi mwenzangu unayesoma, usimpe mtu karatasi hiyo bila kukaa.

Saa ya kupima

Troponini ni kipimo cha saa. Kwa mashine za kawaida huanza kuonekana saa 3 hadi 4 baada ya maumivu kuanza, hufika kileleni kati ya saa 12 na 24, kisha troponini I hubaki juu kwa wiki moja hivi, na T hadi wiki mbili. Mashine mpya zenye uwezo wa kushika kiasi kidogo sana huiona mapema zaidi, na hapo kipimo cha pili kinaweza kurudiwa baada ya saa 1, 2 au 3. Kwa mashine za kawaida, ngoja saa 3 hadi 6.

Niliyajifunza haya kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi alikuja mwanamume, dakika 40 tu baada ya kifua kumbana. Troponini ikatoka chini ya kikomo. Nikamwambia ni tumbo, nikampa dawa ya asidi, akaenda. Alfajiri alirudishwa amebebwa. Aliishi, lakini moyo wake haukurudi ulivyokuwa, na kosa lilikuwa langu: nilisoma namba bila kutazama saa. Tangu siku hiyo, juu ya kila karatasi ya troponini naandika saa mbili, saa maumivu yalipoanza na saa damu ilipotolewa.

NT-proBNP haina haraka hiyo. Ipime anapoingia. Ukipata uwezo, irudie karibu na kutoka. Kuirudia kila asubuhi ni kutupa fedha.

Kinachodanganya

Figo kwanza. Mgonjwa wa figo anaweza kuwa na troponini iliyo juu kila siku ya maisha yake, ikiwa imetulia pale pale. Kinachohusu kwake ni mwendo wa namba, kama inapanda au inashuka. NT-proBNP hupandishwa na figo hata zaidi, kwa kuwa figo ni njia mojawapo kubwa ya kuiondoa mwilini. Lakini usiseme "ni figo tu" ukaiacha. Figo mbovu na moyo mbovu hutembea pamoja, na hatari iliyoonyeshwa ni ya kweli hata kama jina la ugonjwa si lile ulilodhani.

Umri hupandisha NT-proBNP, ndiyo maana vikomo vya kuthibitisha moyo kushindwa kazi kwa ghafla vimegawanywa: zaidi ya 450 pg/mL kwa aliye chini ya miaka 50, zaidi ya 900 kwa wa miaka 50 hadi 75, zaidi ya 1,800 kwa aliyepita 75. Kikomo cha kuuondoa ugonjwa ni kimoja kwa wote: chini ya 300, na kwa BNP chini ya 100. Mapigo yasiyo na mpangilio hupandisha. Unene mkubwa hushusha, na hili husahaulika: mtu mnene aliyevimba miguu anaweza kuonyesha namba inayofariji bila haki. Kwa wanaotumia mchanganyiko wa sakubitrili na valsatani, dawa ya moyo kushindwa kazi, BNP hupanda kwa sababu ya dawa yenyewe, lakini NT-proBNP hubaki ya kuaminika.

Troponini nayo hupandishwa na mapigo ya kasi mno, kuvimba kwa msuli wa moyo, kiharusi, maambukizi yaliyosambaa katika damu, na upungufu mkali wa damu. Kijana wa miaka 20 mwenye hemoglobini ya 4 na troponini juu hahitaji kwanza dawa za kuzibua mshipa. Anahitaji damu.

Halafu kuna vizio. Karatasi moja inaandika 0.04 ng/mL, nyingine 40 ng/L, na familia inaruka kwa hofu ikidhani imepanda mara elfu. Ni kitu kile kile: ng/mL 1 ni ng/L 1,000. Tena, troponini I ya mashine moja hailinganishwi na T ya mashine nyingine. Kikomo cha T katika mashine zenye uwezo mkubwa ni 14 ng/L, lakini I ina kikomo chake kwa kila kiwanda. Kama kipimo cha kwanza kilifanywa labo ya Ibanda, cha pili kifanywe hapo hapo.

Labo, umeme na mfuko

Sitaandika bei, kwa kuwa hubadilika kutoka labo moja hadi nyingine. Nitasema namna ya kuuliza bei. Ukichagua troponini, uliza bei ya vipimo viwili, maana kimoja mara nyingi ni nusu ya jibu. Ukichagua NT-proBNP, kimoja kinaweza kutosha kwa kuanzia. Kwa hiyo kile kinachoonekana rahisi kwenye dirisha la malipo huenda kikawa ghali zaidi kufika kesho.

Kuna troponini ya kaseti, kile kibao cheupe cha plastiki chenye dirisha dogo na herufi C na T. Unadondosha damu, unangoja dakika 10 au 15, mistari miwili ni chanya. Haihitaji umeme, na usiku wa giza ni msaada mkubwa. Lakini nyingi zimetengenezwa zishike kuanzia 0.5 ng/mL, wakati mashine nyingi za kawaida hutumia kikomo cha karibu 0.04. Maana yake kaseti chanya ni habari kubwa, lakini kaseti hasi haimtoi mtu hatarini. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi kabla ya kuiamini. Mstari hafifu wa kijivu uutazame kwenye mwanga mzuri, na usiuite hasi kwa sababu umechoka.

Kwa upande wa pili, BNP ni nyepesi kuharibika: inataka mrija wa EDTA, ule wa kifuniko cha zambarau, na ipimwe upesi. NT-proBNP huvumilia zaidi. Kama damu itapelekwa na pikipiki hadi labo ya upande mwingine wa mji, na huko umeme utarudi jioni, chagua NT-proBNP.

Vingine vilivyo kwenye karatasi

CK-MB bado inaandikwa. Ilikuwa na heshima yake zamani, lakini hupanda pia msuli wa kawaida ukiumia, kama kwa aliyeanguka au aliyechomwa sindano nyingi za msuli, na hurudi chini ndani ya siku 2 au 3. Kama troponini ipo, sioni sababu ya kulipia zote mbili. D-dimer, mabaki ya donge la damu linaloyeyuka, inafaa ukishuku donge la damu kwenye miguu au mapafu kwa mtu ambaye shaka si kubwa: ikiwa chini ya kikomo, inaondoa shaka. Kwa aliyelazwa siku nyingi, aliyepasuliwa au mjamzito, hupanda kwa sababu tele na haikusaidii sana.

Lakini kuna vipimo vya bei ndogo ambavyo naviwekea kiti katika mazungumzo haya, kwa sababu vinapuuzwa kwa kuwa ni vya kawaida. Mwaka 2005 watu wa ADHERE walichukua wagonjwa 33,046 na kuuliza ni nini kati ya mambo mengi kinachotabiri kifo hospitalini. Kwa vipimo walivyovichambua, matatu yalitosha kugawa watu: urea na kreatinini, zinazoonyesha hali ya figo, na tansio ya juu, yaani namba ya kwanza ya tansio. Mwenye urea ya kuanzia 92 mg/dL hivi, tansio ya juu chini ya 115, na kreatinini ya kuanzia 2.75 mg/dL alikuwa katika kundi lililopoteza asilimia 21.9. Mwenye urea chini ya kikomo hicho na tansio ya 115 kwenda juu alikuwa katika kundi la asilimia 2.1. (Karatasi za Marekani huandika urea kwa njia nyingine, nitrojeni tu, na kikomo chao ni 43. Nimekibadilisha kiendane na labo zetu.)

Tazama pengo hilo: kutoka 2 hadi karibu 22. Kwa vipimo vinavyofanyika hata katika hospitali ndogo, na kwa bendi ya tansio inayofungwa mkononi bure. Sisemi vichukue nafasi ya troponini, kwa kuwa havijui kama mshipa umeziba. Wala havimtofautishi mwenye pumu na mwenye moyo ulioelemewa. Nasema visikose kamwe. Na ECG nayo isikose: mwenye maumivu ya kifua apimwe ndani ya dakika 10 za kufika. Kama karatasi ya ECG inaonyesha mshipa umeziba kabisa, usingoje troponini. Anza matibabu.

Kwa hali uliyo nayo

Kama mgonjwa wako amebanwa kifua, maumivu yanakwenda mkononi au tayani, anatoka jasho la baridi, basi ni ECG kwanza, kisha troponini mara mbili kwa kufuata saa. NT-proBNP inaweza kungoja. Kama amekuja siku ya tano baada ya maumivu, troponini moja bado inaweza kusimulia kilichotokea.

Kama anahema, amevimba miguu au analala amekaa, na hamjui kama ni mapafu au moyo, fedha ya kipimo kimoja iende NT-proBNP. Hapo namba ndogo ina thamani sawa na kubwa, kwa sababu chini ya 300 inawaelekeza mtafute kwingine. Lakini kama daktari amesikia maji mapafuni, ameona mishipa ya shingo imetuna, na ekografi imekwisha kuonyesha moyo dhaifu, jina la ugonjwa limepatikana. Mwulize kwa heshima kama fedha hiyo isingefaa zaidi kwa kreatinini, urea na potasiamu, ambazo zitaongoza dozi ya furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini, kila siku. Anayekuuliza swali hilo hakudharau, Dokta mwenzangu. Mjibu.

Mama aliyejifungua juzi, au yuko mwezi wa mwisho, na anashindwa kulala chali: uchovu wa uzazi usiwe jibu la haraka. Ujauzito wa kawaida haupandishi sana BNP wala NT-proBNP, kwa hiyo namba ya juu kwake ni onyo la kweli, na ekografi ya moyo ifuate siku hiyo hiyo. Kwa mama huyu siachi NT-proBNP nikiipata.

Kama ni maambukizi makali, malaria kali au mapafu yaliyojaa, na tansio inashuka, troponini inaweza kukuambia nani wa kuwekwa karibu na oksijeni, ila haitabadilisha antibiotiki wala maji. Ikiwa hakuna kitanda cha uangalizi cha kugombania, mimi ningeweka fedha kwenye dawa.

Aliyepasuliwa mfupa wa nyonga au tumbo, mwenye umri mkubwa, sukari au tansio, anaweza kuumia moyo bila kuhisi maumivu, kwa sababu dawa za usingizi na za maumivu zinamfunika. Utafiti wa VISION wa mwaka 2012 ulipima troponini T kwa watu 15,133 katika siku 3 za kwanza baada ya upasuaji usio wa moyo. Waliobaki na 0.01 ng/mL au chini walifariki kwa asilimia 1.0 ndani ya siku 30, na waliofika 0.30 au zaidi kwa asilimia 16.9. Kwa mzee wa namna hiyo, troponini moja kesho yake ni matumizi mazuri ya fedha.

Mwenye figo mbovu anayesafishwa damu anahitaji namba yake ya kawaida iandikwe siku akiwa mzima, ili siku akiumwa pawe na cha kulinganisha.

Na anayeruhusiwa kurudi nyumbani: omba karatasi zote za labo, hata zile mbaya. Hakikisha zimeandikwa tarehe, saa, kizio, na kama troponini ni I au T. Ziwekeni kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi ya dawa, mahali panapojulikana na zaidi ya mtu mmoja nyumbani. Mzee wa Bagira alirudi baada ya wiki sita kwa kupimwa, na mwanawe alikuja na mfuko huo chini ya koti kwa sababu ya mvua. NT-proBNP yake ilikuwa 2,100, makayabu, wale samaki wa chumvi, yalikuwa yameondolewa jikoni, na kwa mara ya kwanza tulikuwa na namba ya jana ya kuisomea ya leo.